Namna ya Kuipiga Picha Nyota Iliyokufa

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kilicho juu ya vichwa vyetu, kilicho kipana kuliko mwezi mpevu mara sita, lakini kwa macho matupu hakionekani kamwe. Si mzuka, wala si hadithi ya watoto. Ni mabaki ya nyota iliyopasuka zamani za kale. Nayo yaweza kupigwa picha na mtu wa kawaida, hata mwalimu mwenye mshahara wa mwalimu, akiwa na kamera, chombo cha kuizungusha, na saburi. Hiyo saburi ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Kwanza natuonyeshane mahali. Wakulima wanakijua Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana. Katikati ya Januari, penye saa mbili ya usiku, Kilimia kiko juu sana, upande wa kaskazini. Ukitoka hapo ukashika njia ya mashariki, utakuta nyota kubwa yenye wekundu. Waarabu waliiita Aldebaran, maana yake ni mfuasi, kwa kuwa hukifuata Kilimia usiku kucha wala haikipati. Nyota hiyo ni jicho la Fahali. Endelea mashariki tena, utaona nyota mbili zilizoachana: hizo ni ncha za pembe zake. Pembe ya kaskazini ndiyo yenye nyota ing'aayo zaidi, iitwayo Elnath. Basi nyosha mkono wako mbele, pima upana wa vidole viwili mashariki ya Elnath, na hapo ndipo penye kitu chetu. Utatazama wala hutaona neno, ila giza na nyota chache hafifu.

Yapasa tueleze jinsi nyota ifavyo. Nyota ni tanuru. Ndani yake hidrojeni hugeuzwa kuwa heliamu, na katika kugeuzwa huko hutoka joto na nuru. Joto hilo husukuma nje, na uzito wa nyota husukuma ndani, na maadamu nguvu hizo mbili zalingana, nyota hukaa salama. Nyota kubwa sana, yenye uzito wa majua manane au zaidi, ikiisha kula hidrojeni ya moyoni mwake hula heliamu, kisha vitu vizito zaidi na zaidi, hata moyo ukawa chuma. Lakini chuma hakitoi joto kwa njia hiyo. Tanuru yazimika, na moyo ule waporomoka ndani kwa muda usiotimia sekunde moja. Ndipo tabaka za nje zatupwa angani kwa nguvu isiyo na mfano. Wataalamu huiita supanova. Sehemu kubwa ya oksijeni tuvutayo pumzi ilipikwa katika nyota za namna hiyo, na hata chuma cha jembe kilitoka katika nyota zilizopasuka.

Fahali huyu ana mauti mawili, moja katika kila pembe. Karibu na ncha ya pembe ya kusini ndipo ilipotokea ile nyota ya mwaka 1054, ambayo watazamaji wa China waliiandika siku ya 4 Julai. Walisema ilionekana mchana kweupe kwa siku 23, na usiku kwa muda wa karibu miaka miwili. Mabaki yake huitwa Wingu la Kaa, nayo huonekana hata kwa darubini ndogo, kama ukungu mdogo. Mfaransa Charles Messier aliyaona mwaka 1758, akayaandika ya kwanza katika orodha yake mashuhuri. Mwenye darubini na aanze na hayo, maana yatamtia moyo.

Mabaki ya pembe ya kaskazini ni jambo jingine. Yaliandikwa mwaka 1952 na Grigory Shajn na Vera Gaze, wataalamu wa Kirusi waliokuwa wakipiga picha za mbingu katika Simeis, huko Krimu. Katika orodha yao ni namba 147, na kwa hiyo mpaka leo huitwa Simeis 147. Nyota yake ilipasuka yapata miaka 30,000 au 40,000 iliyopita, na umbali wake ni zaidi ya miaka ya nuru 3,000. Mwaka wa nuru, kwa wasiojua, ni mwendo wa nuru kwa mwaka mzima, nayo nuru hukata kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kwa muda wote huo moshi wa mpasuko umezidi kutanuka, hata sasa upana wake umepita miaka ya nuru 150.

Hapo ndipo ilipo sababu ya uhafifu wake. Tia kijiko cha wino katika kikombe cha maji, maji yatakuwa meusi. Tia kijiko hicho hicho katika pipa, hutaona kitu. Wingu la Kaa ni kikombe, na Simeis 147 ni pipa.

Hata hivyo si giza tupu. Ukingo wa mpasuko ungali ukienda karibu kilometa 100 kwa sekunde, na unapoigonga hewa nyembamba iliyoko kati ya nyota, hewa ile hupata joto na kung'aa. Hidrojeni yake hutoa nuru nyekundu ya rangi moja tu. Katika picha utaona nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotana. Usidhani ni nyuzi kweli. Tazama chandarua kilichotundikwa juu ya kitanda: mahali unapokitazama uso kwa uso, macho hupenya, lakini mahali palipo na mkunjo, nguo inapokupa ubavu, huonekana mstari mweupe. Wingu hili ni kama chandarua kikubwa chenye mikunjo, nasi twaiona mikunjo yake tu.

Na moyo wa nyota ile je? Upo. Ulitambuliwa mwaka 1996 kwa darubini kubwa ya redio ya Arecibo, katika kisiwa cha Puerto Rico, ambayo ilianguka mwaka 2020. Ni tufe dogo lenye upana wa kilometa 20 hivi, zito kuliko jua, nalo huzunguka mara saba kwa kila sekunde, likitoa mpigo wa mawimbi ya redio kwa kila mzunguko. Ninyi msikilizao redio mtapendezwa kujua kwamba liko stesheni huko Fahali isiyonyamaza, ingawa matangazo yake ni ya namna moja tu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Kamera yangu niliinunua kwa mtu aliyekwisha kuichoka. Kamera za kawaida zina kioo mbele ya kipokeo cha nuru, ambacho huzuia ule wekundu wa hidrojeni hata ikapita robo tu au pungufu. Fundi alikitoa kioo hicho. Lenzi ni ya milimeta 200, tena inatosha: kwa kitu kipana kiasi hiki darubini kubwa ni hasara, kwa sababu itakuonyesha kipande tu, kama mtu atazamaye tembo kwa tundu la ufunguo. Mbele ya kipokeo nilitia kichujio kipitishacho nuru ya hidrojeni peke yake, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 656, yaani sehemu 656 za milimeta iliyokatwa mara milioni. Nuru nyingine karibu zote hukataliwa mlangoni.

Kisha chombo cha kuzungusha. Dunia hugeuka, na kwa hiyo nyota huonekana kwenda digrii 15 kwa kila saa. Kamera ikisimama tuli kwa dakika tano, kila nyota itakuwa mstari. Kwa hiyo huwekwa juu ya kiweko chenye mota, ambacho mhimili wake hulingana na mhimili wa dunia na kuzunguka kinyume chake. Vitabu vya Ulaya vinasema: elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini, ile ambayo mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi waliiita Jah. Shauri jema kwa Ulaya! Kwetu sisi tukaao karibu na ikweta nyota hiyo iko kwenye upeo wa nchi, imefichwa na miti na vilima na vumbi, na kusini ya ikweta huwa chini ya upeo kabisa. Tena viweko vingine havikutengenezwa kulala chini namna hiyo, uzito wao wa kusawazisha hugonga mguu wa kiguzo. Mimi nilibidi kukata kipande cha mti na kuuinua mguu mmoja.

Njia itufaayo ni hii. Anza kwa dira. Kisha chagua nyota iliyo juu ya utosi au karibu, itazame kwa dakika kumi huku mota ikienda. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, mhimili wako umeelekea kidogo mashariki au magharibi; usogeze, utazame tena. Halafu chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki, na kwa hiyo usahihishe kuinama kwa mhimili. Usiku wa kwanza kazi hiyo ilinichukua saa mbili. Siku hizi ni nusu saa.

Usiku huo wa kwanza nilipata hasara ambayo naieleza ili ninyi msiipate. Niliilenga lenzi vizuri jioni, hewa ingali na joto, nikaanza kupiga. Kulipopoa, vyuma vya lenzi vilisinyaa unywele mmoja, na ulengaji ukaharibika. Sikutazama. Saa saba ya usiku nilikuwa na picha sitini, na katika zaidi ya arobaini kila nyota ilikuwa kama sahani. Nilizifuta zote. Tangu hapo nailenga upya kila saa, na lenzi nimeifunga kitambaa chenye waya wa umeme wa kuitia vuguvugu, kwa ajili ya umande, ambao katika nchi zetu hushuka kama mvua.

Neno la pili ni taa. Karibu na uwanja wetu wa chuo yuko mzee mmoja mfugaji, na taa ya zizi lake huwaka usiku kucha. Nilimwendea mchana, nikamwamkia, nikamweleza haja yangu.

Akaniuliza, “Mwalimu, wataka nizime taa ili uone kitu ambacho mwenyewe wasema hakionekani?”

Nikasema, “Ndivyo, Mzee.”

Akacheka sana, lakini alikubali, kwa sharti kwamba nitamletea picha aione kwa macho yake.

Basi nilipiga kwa usiku tatu, kila picha dakika tano: 52, kisha 47, kisha 45, jumla picha 144. Pengine mtauliza, kwa nini nyingi hivyo? Picha moja ya dakika tano haionyeshi kitu ila chembechembe, kama mchanga uliotupwa juu ya karatasi. Chembechembe hizo hazikai mahali pamoja, kila picha zina mpango wake; lakini nuru ya wingu hurudi mahali pale pale kila mara. Ni kama kumsikiliza mtu asemaye taratibu katikati ya soko. Mara moja hutamsikia, lakini akirudia neno lile lile mara mia, makelele yakibadilika na neno likibaki, mwishowe utalishika. Kompyuta huzipanga picha zote nyota juu ya nyota na kutafuta wastani. Picha 4 hupunguza chembechembe kwa nusu, picha 100 huzipunguza hata sehemu moja ya kumi. Angalieni jinsi hesabu hii ilivyo kali: mwenye kutaka mara mbili ya uzuri hana budi kufanya kazi mara nne.

Zaidi ya hizo zapasa picha za kusahihisha. Nyingine hupigwa lenzi ikiwa imefunikwa, ili kujua makosa ya kamera yenyewe. Nyingine alfajiri, kwa kufunika lenzi fulana nyeupe na kuielekeza mbinguni, ili kujua mahali ambapo lenzi hupunguza nuru na mahali palipoingia vumbi. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huiacha. Asiyeifanya hataipata Simeis 147, kwa sababu wingu hili ni hafifu kuliko makosa ya kamera.

Nilipokwisha kuziunganisha nikaanza kuunyosha mwanga, yaani kuamuru yale yaliyo hafifu yaongezeke. Mara nyuzi zikatokea! Moja, tatu, kumi, duara zima lililosokotana. Na katika pembe ya chini ya picha ulitokea upinde mmoja mzuri sana, mpana, wa nuru laini. Sikuuona katika picha za watu wengine, na moyo wangu ukavimba. Niliichapa picha, nikaitundika ukutani darasani, nikawaonyesha wanachuo upinde ule kwa kijiti.

Mwanachuo mmoja, binti mnyamavu, akainua mkono. “Mwalimu, jicho halioni, na kamera nayo kwa picha moja haioni. Kompyuta ndiyo iliyosema. Twajuaje kama haikusema uongo?”

Darasa likanyamaza. Swali lilikuwa la haki, tena ndilo swali la elimu hii yote. Ukinyosha mwanga kwa nguvu, kompyuta itakupa sura hata mahali pasipo kitu, kama mtu aonavyo nyuso katika mawingu. Nikamwuliza afikirie tungeweza kupima vipi. Akasema, “Usiku zilikuwa tatu. Kitu cha mbinguni kitakuwako usiku zote tatu.”

Jioni ile tulizitenga picha, kila usiku peke yake, tukaziunganisha na kuzinyosha kwa kipimo kimoja. Nyuzi zilitoka katika zote tatu, hafifu zaidi, lakini mahali pale pale na kwa sura ile ile. Tukazilinganisha na picha zilizopigwa na watu wa nchi nyingine kwa vyombo vingine, nazo zikapatana mkunjo kwa mkunjo. Lakini ule upinde mzuri ulitoka usiku wa pili tu. Tulizitazama picha 47 moja moja, tukaona huanza katika moja na kwisha katika nyingine, picha 15 zilizofuatana, yaani saa moja na robo.

Nilikwenda kwa Mzee kumwuliza. “Ah,” akasema, “usiku ule ng'ombe wangu alizaa. Niliwasha taa, nisamehe.” Nuru ya taa iliingia lenzi kwa ubavu, ikajitupa juu ya kioo cha kichujio, na huo ndio ulikuwa upinde wangu. Kesho yake niliishusha picha ukutani mbele ya darasa lile lile, nikawaambia nilichowafundisha kwa kijiti kilikuwa taa ya zizi. Sikufurahi kusema, nikiri. Picha 15 zikatupwa, zikabaki 129, ambazo ni saa 10 na dakika 45 za nuru.

Wengine watasema, mbona taabu yote hiyo kwa picha ya kutundika? Lakini fikirini. Siku hizi wataalamu wa vyuo vikuu huzitumia picha za wapenzi wa nyota kama sisi, kwa sababu darubini zao kubwa hazina nafasi ya kukodoa macho mahali pamoja kwa usiku mwingi. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya utando mkubwa wa nuru ya oksijeni karibu na Andromeda, uliogunduliwa na wapenzi watatu, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, kwa picha za zaidi ya saa 100. Mahali pale palikuwa pamepigwa picha mara nyingi mno, wala hapana aliyeuona. Na mwaka 2024 profesa Robert Fesen wa Dartmouth College, Marekani, pamoja na wapenzi kadha wa kadha, alitoa picha za mabaki tisa ya supanova yaliyojulikana na matatu mapya. Kama mmoja wao angepeleka upinde wa taa ya zizi, nani angeyaamini yale mengine?

Picha ya pili, iliyosafishwa, nilimpelekea Mzee kama nilivyoahidi. Aliishika mbali na macho, akaigeuza, akauliza pembe ya Fahali iko wapi, nikamwonyesha Elnath ukingoni. Akakaa kimya kitambo. Kisha akaniambia nimjulishe mapema nitakapopiga tena, ili usiku ule ndama alale kwa jirani.

Nitapiga Januari ijayo, mwezi ukiwa gizani, kwa kichujio cha oksijeni, chenye nanometa 501. Nuru yake katika wingu hili ni haba kuliko ya hidrojeni, na kwa hesabu yangu zitahitajika usiku sita au saba. Wanachuo wanne wameandika majina yao kwa zamu ya kulenga lenzi, na yule binti ndiye atakayeshika daftari ya taa.